Nambari ya Kuanzia

Siku ya tatu ya msiba wa Bwana Athman, hitma ilipokwisha kusomwa na masinia ya pilau kuondolewa, nilimwona mwanamke ameketi katika chumba cha juu, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukuta wa ndani, akigonga goti lake kwa vidole, kimoja baada ya kingine, taratibu. Miwani alikuwa nayo, na mwili umeongezeka, na buibui lake lilikuwa la kitambaa ambacho hakiuzwi Lamu. Uso ningeweza kuukosea. Vidole sikuvikosea hata kidogo. Mwanaesha wa Ndau hakuwahi kufikiri bila kugonga kitu. Tulikuwa hatujaonana miaka tisa, na kabla ya hapo tulionana kwa kupitana tu, harusini au gatini, salamu mbili tatu na kila mmoja akashika njia yake. Nikavuka miguu ya wanawake nusu ya chumba, huku naomba radhi kulia na kushoto, nikaketi karibu naye. Akanishika mkono, hakuuachia. Juu ya sakafu ile ile tulipokaa, wakati nyumba ilipokuwa na kelele za vijana badala ya kisomo, kulikuwa na meza tano na tarakilishi tano, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na ulimi mrefu kuliko akili. Mwaka ule ndio ulionifunza kazi ninayoifanya hadi leo, na ndio ulioninyima masomo niliyoyataka. Nimekaa nao kimya kwa muda mrefu mno.

Bwana Athman alikuwa amestaafu ualimu wa hesabu, na chumba cha juu cha nyumba yake ya mtaa wa Mkomani alikifanya mahali pa vijana kujifunza tarakilishi asubuhi na sataranji alasiri. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa na diploma yangu, nikijiona nimebeba dunia kwenye mkoba. Alinipa kazi ya kusimamia mashine, na mtandao ulipoanza kushika sawasawa akanipa kazi ya pili, ambayo niliipenda kuliko ya kwanza: kutengeneza tovuti ambapo watu wa visiwa vyote, Lamu, Pate, Ndau, hata kule bara Kililana, wangecheza sataranji bila mtu kupanda chombo. Kila mchezaji angekuwa na nambari yake. Ukishinda, nambari yapanda, ukishindwa, yashuka, na ukimshinda aliyekuzidi wapanda zaidi kuliko ukimshinda uliyemzidi. Ni hesabu nyepesi, inayojulikana dunia nzima. Bi Rukia, mkewe Bwana Athman, alikuwa akituletea mahamri na mbaazi kwenye ukumbi wa nje, kwa sababu chakula hakikuruhusiwa kuingia penye mashine, na tulikuwa tukila tumesimama, mikono ina mafuta, tukibishana kuhusu farasi na ngome. Sijapata kuwa na furaha ya aina ile tena, na sioni haya kulisema.

Tatizo lilikuwa ni wapi pa kumwanzisha mtu. Hesabu yajua kukupandisha na kukushusha, lakini haijui ulikotoka. Niliangalia tovuti kubwa za ng'ambo, nikaona humwuliza mgeni swali moja anapojiandikisha, nami nikalichukua vile vile lilivyo. Je, wewe ni mwanagenzi, wa wastani, au bingwa? Mwanagenzi alianza na mia nane, wa wastani elfu moja na mia mbili, bingwa elfu moja na mia sita. Nililiona swali la haki kabisa. Nani amjuaye mtu kuliko mtu mwenyewe? Nikalimaliza kwa siku moja, nikajipongeza kwa glasi ya juisi ya ukwaju. Wala sikujiuliza kitu ambacho mtoto yeyote aliyelelewa visiwani angeniambia bure: kwamba huku kwetu mtu haulizwi hadharani kama yeye ni bingwa. Ukimwuliza fundi aliyejenga nusu ya mji kama ajua kujenga, atakwambia anajaribu. Ukimwuliza mpishi wa harusi kuhusu biriani yake, ataomba radhi kwa chumvi ambayo haikuzidi.

Kisha ikaja habari ya Mombasa. Chuo kimoja huko kilikuwa kinaandaa mashindano, na kilitaka wachezaji wanne kutoka kila upande wa pwani. Mmoja katika wote, yule ambaye wakufunzi wangemwona ana kichwa, wangemchukua awe mwanafunzi wao wa digrii, bila ada, kwa muda wote wa masomo. Bwana Athman alitangaza kwamba wanne wetu watatoka kwenye orodha ya tovuti: majina manne ya juu siku ya kufunga, bila upendeleo, bila maneno. Juu kabisa walikuwa ndugu wawili wa mtaa wa Langoni ambao hakuna aliyewatilia shaka. Wa tatu alikuwa Bwana Athman mwenyewe. Wa nne nilikuwa mimi. Niliitaka digrii ile kama mwenye kiu atakavyo maji. Nilikuwa nimeshafikiri nitapanga wapi, nitabeba mashuka gani, na jioni nilikuwa nikimwambia Bi Rukia, naye akinikata kauli, "Omba Mungu kwanda, mwanangu, mashuka yatapatikana."

Aliyenivuruga alikuwa Musa wa Kililana. Musa alikuwa wa tano, kijana mkulima wa simsim, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata akiwa chumbani. Alipanda ngazi siku moja mchana na vumbi la shamba miguuni, akasimama mbele ya meza yangu.

"Zena, hii rating yenu ni feki."

"Salamu kwanza, Musa."

"Salaam aleikum. Ni feki. Kuna dada wa Ndau amenipiga mara tatu. Tatu! Na kila akinipiga mashine yako inaninyang'anya pointi kibao, eti nimepigwa na mtu wa mia nane. Msee, huyo si wa mia nane. Huyo anakuangalia kama wewe ni kioo, anaona mpaka ndani."

Nilimwambia huenda amechoka na mavuno. Alipoondoka nikafungua michezo ya yule dada. Mwanaesha, Ndau, alijiandikisha mwanagenzi. Alikuwa amecheza michezo ishirini na miwili na kushindwa miwili tu, na bado alikuwa wa kumi na moja, kwa sababu alianzia shimoni na wengi aliopangiwa walikuwa wa shimoni pia, na mtandao wa Ndau siku hizo ulishika siku mbili kwa wiki. Nilifuata kete zake moja moja. Kuna mchezo mmoja alitoa malkia wake, nikasema huyu kakosea, na hatua sita baadaye nikaona kumbe alikuwa anajua tangu mwanzo. Niliurudia mchezo ule tangu mwanzo. Nusu yangu ilifurahi, na nusu nyingine iliogopa, maana nilijua kupiga hesabu, na hesabu ilisema kwamba kabla ya siku ya kufunga hatafika wa nne hata akishinda yote yaliyobaki.

Nilikwenda Ndau wiki hiyo hiyo na chombo kilichobeba saruji na magodoro. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, mkeka mpya uliotandikwa kwa ajili yangu, na mama yake aliyenikaribisha kwa wali wa nazi na mtuzi wa kamba, kisha akaketi mlangoni asitoke. Mwanaesha alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule na hana pa kwenda, simu ya kakake mapajani. Nilimwuliza mbona alijiandika mwanagenzi.

Mama akajibu yeye. "Mwanangu hayui kitu, mama. Yuwasukuma tu hizo kete. Usimtie maneno kitwani."

Mwanaesha akatazama chini, vidole vikaanza kugonga mkeka. Nilipoaga, akanisindikiza hadi ufukoni, na huko ndiko aliponijibu. "Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, dada Zena. Ningebonyeza 'bingwa' mbele ya mama? Angeniona sina adabu." Kisha akacheka kidogo, akafunika mdomo. "Lakini nayuwa kuteza."

Njia nzima ya kurudi nilikaa juu ya gunia la saruji nikiwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Swali langu halikupima mchezo wa mtu. Lilipima adabu yake. Aliyelelewa vizuri zaidi ndiye aliyeanzia chini zaidi. Nilipofika nikatoa orodha nzima ya waliojiandikisha, na nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu miezi yote ile: karibu kila mtu wa visiwani alikuwa mwanagenzi. Na waliokuwa juu? Wazee. Wazee hawakujiandikisha wenyewe. Niliwaandika mimi, kwa mkono wangu, na mtu atamwandikaje Bwana Athman mwanagenzi? Nilimpa elfu moja na mia sita kwa heshima, kama anavyopewa nafasi ya juu barazani, na vijana waliopangiwa naye walikuwa wakimwomba suluhu wakiwa wanashinda, kwa kuwa walikuwa wanafunzi wake. Ile haikuwa nambari. Ilikuwa ni kumwamkia.

Nikapiga moyo konde nikamwendea. Ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri, na Bi Rukia alikuwa ameweka samaki wa kupaka na achari ya embe. Sikugusa chakula. Nilimweleza yote, nikimweka yeye mwisho. Nilisema lazima tuhesabu upya tangu mchezo wa kwanza: kila mtu aanzie mahali pamoja, elfu moja na mia mbili, asiulizwe lolote, na michezo kumi ya mwanzo nambari yake iruke kwa hatua kubwa, juu au chini, mpaka ipate mahali pake, na wakati huo anayecheza naye asipoteze sana, maana bado hatujui kacheza na nani. Bwana Athman alitafuna polepole. Alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka ukajikuta unajisahihisha mwenyewe.

"Na mimi?" akauliza.

"Mwalimu, utashuka."

"Mpaka wapi?"

"Wa sita. Huenda wa saba."

Akasukuma sahani. "Na weye, Zena? Ulipojiandika, ulijijibu nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilitaka kusema "wastani", na neno likagoma, kwa sababu sikukumbuka kulijibu lile swali. Nikapanda juu nikafungua akaunti yangu, na nikakuta kile ambacho pengine nilikijua na kukisahau kwa makusudi. Akaunti yangu ilikuwa ya kwanza kabisa, ya kujaribia. Niliiandika elfu moja na mia sita nione kama nambari kubwa zinakaa vizuri kwenye ukurasa, na sikuirudisha. Nafasi yangu ya nne, mashuka yangu, digrii yangu, vyote vilikuwa vimesimama juu ya mia nne nilizojipa mwenyewe. Niliteremka ngazi nikamwambia. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Yeye hakunikemea. Alinawa mikono, akaenda kulala, na kwa siku tatu hakunisemesha ila salamu.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni na Bi Rukia tukichagua mchele, na jiko lile ukuta wake umepakana na daka la mlangoni, mahali wanaume walipokuwa wakiketi na kahawa yao. Kila linalosemwa nje husikika ndani, na Bi Rukia, ambaye alijua mengi ya mji kwa njia hiyo, alininyooshea kidole nikae kimya. Walikuwa wazee wawili na Bwana Athman. Maneno yalikuwa yamekwisha kuvuja.

"Athman, wamuachia mwana wa yana akushushe mbee za watu?" mmoja alisema. "Na kwa ajili ya msichana wa Ndau?"

Vikombe vikagongana. Nilisikia Bwana Athman akikohoa. "Mtu hakunishusha. Mimi nalipandishwa, na nalikuwa nikiyuwa. Wale vijana wakinipa suluhu nalikuwa nikizipokea. Zilikuwa tamu."

"Basi waate watu na heshima zao."

"Heshima nipeni hapa kwenye kahawa. Kule ni hesabu, na hesabu ni kazi yangu. Yule mtoto mwenyewe yuwatoka pamoja nami kwenye hiyo orodha, na bado yuwataka ifanywe. Mimi nimshinde kwa lipi, umri?"

Bi Rukia akaendelea kuchagua mchele kana kwamba hakusikia lolote, ila alinisogezea sahani yangu karibu na yake. Mimi nilikuwa ninalia juu ya mchele na nikijilaumu kwa kulia, maana mpaka dakika ile, nikiwa mkweli, nilikuwa na tumaini kwamba atakataa. Angekataa, ningekuwa nimesema ukweli na nafasi yangu ningebaki nayo. Sasa sikuwa na pa kujificha.

Tulihesabu Ijumaa nne mfululizo, baada ya swala mpaka alasiri. Mashine ingeweza kuifanya kazi ile, lakini Bwana Athman alitaka kila mchezo upite chini ya kalamu yake, ili mtu akija kubisha amwonyeshe mstari. Alisoma matokeo, mimi nikahesabu. Kisha nikasoma mimi, akahesabu yeye. Zisipolingana tulirudi nyuma. Alianza na jina lake mwenyewe. Lilipofika la saba, akapiga mstari chini yake kwa rula, nadhifu, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu. Jina langu lilishuka hadi la tisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa la tano, la sita. La tisa liliniuma, nikaomba turudie. Tukarudia. La tisa. Mwanaesha alitoka wa kumi na moja akawa wa pili, kati ya wale ndugu wawili, na Musa akawa wa nne.

Tulipoibandika orodha mpya mlangoni, mji ulisema. Wapo walioniita fitina, wapo waliosema nimelipwa na watu wa Ndau, sijui kwa nini, kamba labda. Mmoja wa wazee wale wa kahawa alipita mbele yangu wiki nzima bila kuitikia salamu. Nilikuwa nimekwisha kukata shauri na sikurudi nyuma hata hatua. Kila aliyekuja kubisha nilimpandisha juu, nikamketisha, nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mchezo wake mmoja mmoja. Wengi waliteremka wakiwa bado wamenuna, lakini hakuna aliyepata kosa. Na lile swali nikalifuta kwenye fomu. Kuanzia siku hiyo mgeni aliandika jina na kisiwa chake, akaanza kucheza. Mama yake Mwanaesha hakukubali binti aende mpaka Bwana Athman mwenyewe alipopanda chombo kwenda Ndau kumwombea, na kuahidi kwamba Bi Rukia atafuatana nao safari nzima. Walikwenda, wanne pamoja na Bwana Athman na Bi Rukia. Mimi nilibaki kusimamia mashine.

Siku ya tano simu yangu ililia saa nne asubuhi. Chumba kilikuwa kitupu. Mwanaesha alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, maneno hayashikani, mpaka niliposikia moja: "Wamenitukua, dada Zena! Wamenitukua!" Nikampongeza, nikamwambia mabruki. Nikamwambia mabruki mara nne, tano, kwa sauti ya juu kabisa niliyokuwa nayo. Nikamwuliza kuhusu mashuka, nikamwambia anunue mazito maana vyumba vya chuo vina mbu. Kisha nikaiweka simu juu ya meza, nikalaza uso kwenye mikono, nikalia kilio ambacho sikuwahi kukilia kwa maiti. Nilijua nimefanya lililo sawa. Halikunipunguzia chochote. Nilisema kwa sauti, peke yangu, maneno ambayo sikudhani ninayo: kwamba ilikuwa yangu, kwamba ningeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua, kwamba namwonea wivu mpaka kifua chaniuma. Nililia mpaka nikaisha, nikanawa uso, nikafungua mashine za darasa la saa tano.

Yeye alisoma, akafundisha, na leo yumo kwenye kamati inayopanga wachezaji wapya wa shule za pwani nzima. Mimi nilibaki na hesabu. Wanaonipa kazi sasa ni watu wa ligi za mbali, na wote huniuliza jambo lile lile, mgeni aanzie wapi. Mambo haya ndiyo tuliyoyaongea chini ya zidaka, yeye na mimi, wakati wanawake wakigawana halwa na mtoto wa mtu akilala katikati yetu. Tulimtaja marehemu, tukacheka kwa rula yake. Kisha, kwa kuwa msiba hulegeza ulimi, nikamwambia kwamba kuna jambo limenikaa miaka yote. Nikamwambia kwamba siku ile aliponipigia kutoka Mombasa sikuwa na furaha niliyomwonyesha. Kwamba nilipoweka simu nililia kwa wivu, na nikasema maneno mabaya, na tangu hapo kila nikikutana naye nilikuwa nikikimbia baada ya salamu kwa sababu ya aibu.

Vidole vyake vikaacha kugonga.

"Nayuwa," akasema. "Uliiweka simu, hukuikata."

Nikamwuliza mbona hakuwahi kuniambia, na mbona basi na yeye hakukata.

"Ningeikata vipi, dada? Nalikuwa nimesimama kwenye ua wa chuo, watu wanipongeza, nikawaambia wangoje. Nalikusikiza mpaka ulipomaliza."